Jibu: Shemeji alizinduka baada ya kulala na jiko la mkaa, sasa anasahau na kujikojolea

Pole sana, ndugu. Kwa ulivyoeleza, aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa mzima, na wiki ya tatu ndipo akaanza kusahau, kujikojolea na kuburuta miguu. Msikubali aitwe mvivu au aliyerogwa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye jiko la mkaa, inaweza kuumiza ubongo mara mbili, na awamu ya pili huja kati ya siku 2 na 40 baada ya mtu kuonekana amepona.

Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana siku ile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 98 naye hajitambui: hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye sumu. Kupima damu leo hakusaidii, kwani kwa hewa ya kawaida gesi hupungua nusu kila saa 4 hadi 5. Kinachomsumbua sasa ni utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, ambao huendelea kuharibika hata gesi ikiisha.

Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na habari ya jiko itajwe mwanzoni kabisa. Isipotajwa, anaweza kutibiwa sonona tu. Ulizieni picha ya ubongo ya MRI (ya sumaku), maana ya CT (ya eksirei) inaweza kutoka safi. Fiziotherapia (mazoezi ya viungo) ianze mapema. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka, ingawa si wote. Kwa sasa asiendeshe pikipiki wala kuachwa peke yake na moto.

Waliolala naye chumba kimoja wako wapi? Nao wachunguzwe, hasa mjamzito.