CA-125 kusoma 68 ukiwa na uvimbe wa kizazi

Pole sana mdogo wangu. Umesema una miaka 34, una uvimbe kwenye kizazi, CA-125 imesoma 68 na tangu juzi hujalala. Mimi nimemuuguza mama saratani ya ovari (mifuko ya mayai) miaka mitatu hapa Tanga, nakujibu kwa niliyoyapitia.

CA-125 ni protini ya kwenye damu ambayo mara nyingi hupanda kwa mwenye saratani ya ovari, na kawaida yake ni chini ya uniti 35 kwa mililita. Lakini inapandishwa na mengi: uvimbe kama wako, endometriosisi (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), mimba changa, maambukizi ya nyonga, kifua kikuu cha tumbo, hata hedhi. Je, ulipima ukiwa kwenye siku zako? Na kuna saratani nyingi za ovari ambazo zikiwa bado changa kipimo husoma kawaida kabisa. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na majibu ya 2021 yakaonyesha kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo.

Kazi yake hasa, kumfuatilia mgonjwa anayetibiwa, niliiona kwa mama. Nilikuwa na daftari la kaunta, naandika tarehe na namba. Kabla ya upasuaji 940. Baada ya kemo ya tatu 88, ya sita 16. Mwaka uliofuata, kila miezi mitatu: 15, 19, 29. Kijana wa maabara akaniambia, "Mama yuko vizuri, haijafika 35." Tukapanda basi la Dar kliniki tukiwa na furaha. Daktari akaweka kidole kwenye 15, akakishusha taratibu mpaka 29, akanyamaza. Kisha akaandika CT-skani. Ugonjwa ulikuwa umerudi.

Kwa hiyo 68 yako peke yake haijasema kitu. Hedhi ikiisha, rudia maabara ileile maana mashine hutofautiana, piga ultrasaundi ya nyonga, vyote umpelekee daktari wa magonjwa ya wanawake.

Ila kama tumbo linajaa karibu kila siku, unashiba kwa matonge mawili, mkojo unakubana kila mara, usisubiri hedhi wala nini, nenda kesho. Mama alikunywa dawa za gesi miezi minne. Sketi zilikuwa hazifungi na sisi tukimwambia amenenepa. Linaniuma mpaka leo.

Na kama mama, dada au shangazi yako amewahi kuugua saratani ya ovari au ya titi, mwambie daktari hata asipouliza. Ultrasaundi ikitoka, rudi utuambie, nitakuwa naangalia.