Dhaka Kiingereza Kinatosha? Jibu kwa Mnaotaka Kuja

Tangu mtoto wa ami yangu apate ufadhili wa kuja kusoma Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, simu yangu haipoi. Mamake anauliza chakula, babake anauliza mafuriko, na mwenyewe ana swali moja tu: "Kozi ni ya Kiingereza, sasa Kibengali cha nini?" Vijana wengine wa mtaani kwetu Mombasa wameuliza hilohilo. Nawajibu wote pamoja, bila kupaka sukari.

Darasani Kiingereza kinatosha. Mihadhara, vitabu na mitihani ni Kiingereza, hata daktari akikuandikia dawa ataandika kwa Kiingereza. Ukivuka geti la chuo, kimekwisha. Nambari za magari ni za Kibengali, herufi na tarakimu zote. Mabasi yameandikwa njia zake ubavuni kwa Kibengali, na makanga hasubiri uyasome: anapigapiga bati kwa kiganja na kuimba majina ya vituo, Farmgate, Shahbagh, Gulistan, kwa kasi ambayo hata makanga wetu wangemvulia kofia. Bango la nyumba ya kupanga litakudanganya, maana juu limeandikwa TO-LET kwa herufi kubwa za Kiingereza. Kodi, idadi ya vyumba na yale masharti kuhusu wasiooa viko chini yake, kwa Kibengali. Treni ya metro ndiyo afueni, ina maandishi ya lugha mbili, lakini haifiki kila mahali.

Basi anzeni na tarakimu. Ni kumi tu, na ndizo zinazowaibia wageni pesa. ১ ni moja, ingawa jicho lako litaapa kuwa ni tisa. ৪ ni nne, si nane. ৭ ni saba, nayo pia inafanana na tisa yetu. Bei ya samaki sokoni Kawran Bazar ikiandikwa ৪৭০, mgeni anaona 890, anatoa mia tisa, na si wauzaji wote watakaomrudishia. Noti za taka, ndiyo sarafu ya hapa, zitakusaidia kujifunza, kwa sababu upande mmoja una tarakimu zao na upande wa pili una hizi tuzijuazo.

Kuzitamka ni shida nyingine. Sisi ukijua ishirini na ukijua tano umeshapata ishirini na tano. Wao karibu kila namba hadi mia ina jina lake la kukariri: 25 ni pochish, 35 ni poytrish, 45 ni poytallish, 55 ni ponchanno. Mimi hadi leo nikitajiwa bei haraka naomba niandikiwe. Ikipanda juu zaidi tunakutana tena: laki wanayo, ileile yetu ya elfu mia. Baada ya laki huja koti, yaani milioni kumi, na magazeti huandika bajeti ya serikali kwa hesabu hiyo.

Sasa maandishi yenyewe. Herufi wanazofundishwa watoto ni 50: irabu 11 na konsonanti 39. Hakuna herufi kubwa wala ndogo, na sentensi humalizwa kwa kijiti kilichosimama (।) badala ya nukta. Zinaandikwa kutoka kushoto, na nyingi zina mstari wa juu unaoungana na wa jirani yake, ndiyo maana neno zima kwa mbali huonekana limechorwa kwa pigo moja. Aliyesoma Kurani chuoni kwa maalimu hatatishika na nukta: ব ni ba, ukiitia nukta chini inakuwa র, yaani ra.

Kinachosumbua ni irabu. Kila konsonanti hubeba o ndani yake bila kuandikwa. মন ni herufi mbili, m na n, lakini husomwa mon. Mbona o ya pili haikutamkwa? Hakuna alama ya kukuambia, unazoea tu. Ukitaka irabu nyingine unaongeza alama, na alama hizo hukaa popote: ya a hukaa kulia, ya u hukaa chini, ya o huizunguka herufi pande mbili, na ya i fupi hukaa kushoto, kabla ya herufi, japo hutamkwa baada yake. Ki huandikwa কি, i ikiwa mbele. Jicho linataka kusoma ik.

Halafu kuna juktakkhor, herufi zilizounganishwa. Konsonanti mbili zikikutana bila irabu katikati hushikana na kuwa umbo moja, na mara nyingi humtambui baba wala mama. ক্ষ ni k na sh, husomwa kkh. Katika neno স্বাধীনতা, uhuru, kuna b iliyoningʼinia chini ya s, na hakuna anayeitamka: wanasema shadhinota. S zenyewe ziko tatu, na mara nyingi zote husomwa sh. I fupi na i ndefu huandikwa tofauti na kutamkwa sawa. Msidanganywe na mtu atakayewaambia kwamba ukijua herufi umejua kusoma. Kiswahili kimetudekeza, tunaandika tunavyosema. Wabengali wanaandika neno kwa kuheshimu asili yake ya Kisanskriti, kisha wanasema wanavyopenda, na watoto wao hukariri tahajia kwa machozi. Msomaji wao yeyote atakwambia.

Hata hivyo kuzijua herufi zile 50 si kazi ya kutisha. Nendeni Nilkhet, soko la vitabu karibu na chuo kikuu, mnunue kitabu cha chekechea chenye picha, cha bei ya chai. Vitabu vya Kibengali vya wageni vilivyojaa herufi za Kilatini vitawachelewesha, kwani Kilatini hakina pa kuweka t zao nne: ত থ ট ঠ. Mbili ulimi hugusa meno, mbili hurudi nyuma, na katika kila jozi moja hupulizwa pumzi. Hapa wa Mombasa aliyelelewa na bibi anawazidi wenzake wa bara. Paa la nyumba na paa wa mwituni kwetu hawatamkwi sawa, yule mnyama tunampulizia, na Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi. Sikio lipo tayari. Waliokulia Kiswahili cha redio wataumia kidogo.

Mepesi pia yapo. Hakuna "he" na "she", wana neno moja kama yeye letu, na wakizungumza Kiingereza hukosea palepale tunapokosea sisi. Hakuna ngeli. Maneno ya Kiajemi, Kiarabu na Kireno yaliyopita bandarini kwetu yalipita na kwao: dokan ni duka, hishab ni hesabu, kolom ni kalamu, rong ni rangi, ukil ni wakili, bima ni bima, almari ni almari. Zainabu ajue kwamba jina lake kwa Kibengali huandikwa kwa herufi ya J. Na jitayarisheni kusikia mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani akiitwa mama. Mama ni mjomba, na hivyo ndivyo watu wa Dhaka wanavyomwita dereva wa riksho na muuza chai. Kaka ni ami. Atakayekwenda Kolkata, upande wa India, herufi ni hizihizi, ila huko dada ni kaka mkubwa.

Adabu imo ndani ya kitenzi. "Utakwenda wapi?" ina sura tatu: kwa mkubwa au usiyemjua, apni kothay jaben, kwa rafiki, tumi kothay jabe, kwa mtoto, mtu wa ndani kabisa, au mtu unayemdharau, tui kothay jabi. Nimewaona wasomi wakimwambia mzee wa riksho tumi, na vijana wakimrushia tui. Mgeni tumia apni kwa wote. Hutakosea, na mzee wa riksho atageuka kukutazama.

Msiende mkisema "kwa nini hawatumii Kiingereza tu". Hapa lugha ina makaburi. Pakistan ilipozaliwa 1947, Dhaka ikiwa ndani yake, zaidi ya nusu ya raia wake walikuwa Wabengali, lakini Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah alisimama Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji karibu na Chuo cha Tiba cha Dhaka. Barkat, Rafiq, Jabbar na Salam ni baadhi ya waliokufa kwa risasi hizo, na majina yao kila mtoto anayajua. Katiba ya 1956 ikakubali Kibengali pamoja na Kiurdu, Bangladesh ikajitenga na Pakistan 1971, na sheria ya 1987 ikaziamuru ofisi za serikali zifanye kazi kwa Kibengali. Siku ya Lugha Mama iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999 ni hiyohiyo ya Februari 21. Watu huenda Shaheed Minar, mnara wa mashahidi hao, miguu mitupu, na maonyesho ya vitabu huchukua mwezi mzima.

Miaka ile wako pia wakubwa wa Pakistan waliotaka Kibengali kiandikwe kwa herufi za Kiarabu, na Wabengali wakakataa. Nikawasimulia wenzangu kwamba tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, kisha wamisionari na wakoloni wakatuletea Kilatini, tukahama. Wakauliza mbona hatukukasirika. Sijapata jibu la kuwaridhisha.

Sasa lile ambalo waliotangulia hawawaambii. Mtatazamwa. Ngozi nyeupe hapa inathaminiwa mno, na matangazo ya krimu za kungʼarisha uso yapo kila kona. Kabla hujajua lugha, kelele za nyuma yako ni kelele tu. Ukishajua, utasikia kalo, yaani mweusi, likisemwa na watoto kwa mshangao, na na watu wazima kwa namna nyingine. Utamwelewa shangazi kwenye lifti anayemuuliza mwenzake kama nywele zako huoshwa. Mara nyingine ukimjibu kwa Kibengali anaona haya, anakukaribisha chai, na mnakuwa marafiki wa kweli. Mara nyingine anaendelea tu. Lugha haikuondolei macho ya watu. Mimi bado ningejifunza, kwani afadhali nijue ninasemwa nini, lakini najua mwenzetu mmoja aliyeamua kuacha katikati kwa sababu hiyo, na simlaumu.

Kwenye simu, wekeni kibodi ya Kibengali mapema. Kwa kompyuta kuna Avro, programu ya bure iliyotoka 2003: unaandika ami kwa Kilatini, inakugeuzia kuwa আমি, yaani mimi. Vijana wenzenu watawaandikia Kibengali kwa Kilatini, kila mtu na tahajia yake, kwa hiyo zoezi la kweli litatoka kwa mwenye nyumba na ilani zake za maji. Na wewe mtoto wa ami, chuo kikikupa kozi ya Kibengali ya hiari isiyo na maksi, ichukue. Kisipokupa, Taasisi ya Lugha za Kisasa ya Chuo Kikuu cha Dhaka inawafundisha wageni. Uliza mapema siku za kujiandikisha.