Maswali ya Wasomaji: Tagi za Ujumbe katika MPI

SWALI: Ndugu wataalamu, habari za kazi. Programu yangu ya C inakokotoa mvua kwenye gridi ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe hadi Mufindi, kwa prosesi 8 (programu zinazoendeshwa sambamba) za MPI, yaani kanuni za prosesi kutumiana ujumbe. Kila hatua, majirani hubadilishana mistari ya mpakani. Tagi naipata kwa kuzidisha namba ya hatua mara 1000, kisha najumlisha namba ya prosesi inayotuma. Kwenye kompyuta yangu hatua zote 4000 zinakwisha, lakini kwenye mashine kubwa ya chuo inakatika hatua ya 525 kwa kosa la MPI_ERR_TAG. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya*

JIBU: Tagi ni namba inayobandikwa kwenye ujumbe ili mpokeaji autambue. Ni namba kamili isiyo hasi, nayo ina kikomo cha juu. Kanuni za MPI zinaahidi tu kwamba kikomo hicho hakitapungua 32767. Zaidi ya hapo kila maktaba ya MPI ina chake. Kwako hatua ya 524 ilipita, tagi kubwa ikiwa 524007, na 525000 ikakataliwa. Tunashuku kikomo cha huko ni 524287, yaani 2 kwa kipeo cha 19 ukitoa 1. Hakikisha hivi:

`int *kikomo, ipo;`
`MPI_Comm_get_attr(MPI_COMM_WORLD, MPI_TAG_UB, &kikomo, &ipo);`

Kinachorudi ni anwani, kwa hiyo chapisha `*kikomo`. Ukikitangaza kama `int` ya kawaida utaona namba ya ajabu, au programu ianguke.

Hata hivyo, dawa si kutafuta mashine yenye kikomo kikubwa. Namba ya mtumaji tayari inasafiri na ujumbe, huna haja ya kuirudia. Namba ya hatua nayo haihitajiki: ujumbe mbili kutoka prosesi moja, zenye tagi moja, ndani ya komunikata moja (kundi la prosesi zinazowasiliana), hupokelewa kwa mpangilio uleule zilivyotumwa. Tagi mbili zinakutosha: 10 kwa mstari unaokwenda kaskazini, 11 kwa unaokwenda kusini. Angalia hapa, maana ndipo wengi wanapokwama: tagi ifuate mwelekeo wa safari ya ujumbe, si upande wa anayepokea. Mstari uliotumwa kaskazini kwa tagi 10, jirani yako ataupokea kutoka kusini kwake, lakini kwa tagi hiyohiyo 10. Akiandika 11, atasubiri bila mwisho, na hakuna kosa litakalochapishwa.

SWALI: Natumia maktaba ya kutatua milinganyo ndani ya programu yangu. Mara nyingine MPI_Recv yangu (amri ya kupokea ujumbe) yenye MPI_ANY_TAG inapokea data nisiyoitambua.
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Unanyakua ujumbe wa maktaba. Kujipangia tagi za juu, tuseme kuanzia 9000, hakukulindi, kwa sababu MPI_ANY_TAG hupokea tagi yoyote. Mwanzoni kabisa, mara tu baada ya MPI_Init, tengeneza komunikata yako kwa MPI_Comm_dup, inayonakili iliyopo, prosesi zote ziiite kwa pamoja, kisha ujumbe wako wote upite humo. Ujumbe wa komunikata moja hauwezi kupokelewa kwenye nyingine, hata tagi zikifanana. Ukiendelea kutumia MPI_ANY_TAG, soma `status.MPI_TAG` kabla ya kugusa data.

SWALI: MPI_Bcast naiwekea tagi gani?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Hakuna. Kazi za pamoja, zinazofanywa na prosesi zote za komunikata, kama MPI_Bcast (kusambaza data kwa wote) na MPI_Reduce (kukusanya matokeo ya wote), hazina tagi. Zinalinganishwa kwa mpangilio wa kuitwa, hivyo kila prosesi ya komunikata hiyo iziite kwa mfuatano mmoja.