Vikundi vya ushauri vya mitaa Dodoma
Kaka umeuliza kwa nini Jiji lisiunde vikundi vya ushauri kila mtaa, mbona kimuundo vipo tayari, Sheria Na. 8 ya 1982, ile ya Serikali za Mitaa upande wa miji, inatambua kamati ya mtaa, mwenyekiti na wajumbe wake, hoja zenu zinapanda mpaka Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndo mwenyekiti. Shida vikao sasa. Sisi mara ya mwisho tulikaa chini ya mwarobaini tukabishania mtaro mpaka jua likazama, vumbi lote la Dodoma usoni, muhtasari ukaandikwa kwenye daftari la mtoto wa shule na mpaka leo kimya. Mkiunda kipya, dai kwanza afisa wa Jiji anayelazimika kujibu kwa maandishi, posho baadaye.