Nane ya bibi wa Aarhus, sita ya mama yangu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limenikuta jikoni, viatu bado viko miguuni. Mmeuliza: Wadenmark hutajwa kila mwaka miongoni mwa watu wenye furaha zaidi duniani, wana siri gani, na sisi tuige nini? Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Huu ni mwaka wangu wa 12 hapa Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa nchini Denmark, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaona Wadenmark saa moja asubuhi wakiwa na nguo za kulalia, kabla hawajajiweka sawa kwa ajili ya kuonekana na watu. Naomba mnivumilie, nitajibu kwa urefu.

Kwanza tuelewane kinachopimwa. Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, haihesabu vicheko. Katika kila nchi watu wapatao 1,000 huambiwa wafikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sufuri chini hadi 10 juu. Kileleni ni maisha bora kabisa ambayo wewe ungeweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kabisa. Sasa hivi umesimama wapi? Wadenmark kwa wastani husema saba na nusu hivi. Waliongoza mwaka 2012, 2013 na 2016. Finland ikashika nafasi ya kwanza mwaka 2018 na haijaiachia. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Nakumbuka jinsi ndugu zangu walivyokasirika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sisi tunaocheza harusi mpaka alfajiri tuwe nyuma ya watu ambao hata kwenye lifti hawasalimiani?

Hasira yao niliielewa, ila ngazi ile haiulizi habari za harusi.

Desemba iliyopita nilimuuliza swali hilo bibi mmoja ninayemhudumia. Mwezi huo jua hapa huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo nilifika kwake kwa baiskeli gizani, taa imewashwa, vidole vimekufa ganzi. Ana miaka 88, nyonga moja ni ya bandia, jicho la kushoto haoni. Wadenmark wote huitana kwa majina ya kwanza, hata daktari na mgonjwa wake, nami nikiwa kazini hufanya hivyo. Lakini nikimwaza kwa Kiswahili siwezi. Kwangu ni bibi.

Mezani palikuwa na mkate wao mweusi mzito, siagi, kahawa, na mshumaa mmoja umewashwa. Nilikuwa nimepiga magoti nikimvalisha soksi za kubana. Soksi hizo zina mbinu yake. Unaigeuza nusu ya ndani ije nje mpaka kwenye kisigino, unaingiza vidole vyote pamoja, kisha unapandisha kidogo kidogo kwa viganja, kwa sababu mkunjo mmoja tu unaweza kumtoa kidonda. Nikiwa hapo chini nikamweleza ngazi. Hakufikiri sana.

"Nane," akasema.

Nikasimama. Binti yake anaishi Copenhagen na huja mara moja kwa mwezi. Kuna siku mimi na mwenzangu wa zamu ya jioni ndio watu pekee anaozungumza nao. Nikamuuliza, nane kwa nini? Akasema usiku analala, hakuna bili anayoiogopa, na akianguka anabonyeza hiki, akanionyesha kitufe alichofungwa mkononi kama saa, na mtu anakuja. "Na kwa nini si kumi?" Akasema, "Kwa sababu mume wangu amefariki." Akachukua kikombe chake.

Jumapili ya wiki hiyo nikampigia mama Moshi, nikamuuliza vilevile. Mama alitaka kwanza kujua ni nani anayeuliza na jibu atalipeleka wapi. Halafu akasema: "Inategemea siku, mwanangu. Leo ndizi zimeisha kabla ya adhuhuri, watoto wa kaka yako wamekuja kula hapa, andika nane, hata tisa. Ile wiki mdogo wako alipolazwa, tukaambiwa tulipe kwanza ndipo apimwe, ilikuwa mbili. Basi andika sita."

Niliikata simu nikakaa muda mrefu nayo mkononi. Nane ya bibi ni nane Jumatatu na nane Alhamisi. Sita ya mama ni tisa na mbili zilizochanganywa. Mama yangu huwa na furaha ambayo bibi yule sijawahi kumwona nayo hata siku moja, na huwa na hofu ambayo bibi yule haijui. Hilo ndilo jibu langu, Mhariri. Mengine yote nayaandika kulieleza.

Wadenmark wenyewe wana neno lykke, ambalo ni furaha na pia ni bahati, na hulitumia kwa uchache. Neno la kila siku ni tryghed. Sijapata neno moja la Kiswahili linalolitosha. Ni ile hali ya mtoto anayevuka barabara akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima: magari anayaona, ila moyo umetulia. Wanasiasa huliahidi kila uchaguzi, na wazee wangu hulitaja wanapotaka taa ya korido iachwe ikiwaka.

Mwaka jana mwanangu aliamka na homa. Saa 12 asubuhi nikampigia msimamizi wangu, nikamwambia siwezi kuja, mtoto anaumwa. Akasema pole, apone haraka, kisha akageukia kupanga nani atachukua wazee wangu. Kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, siku ya kwanza ya mtoto kuugua mzazi hubaki nyumbani na mshahara haukatwi. Nilirudi kitandani kwa mwanangu nikalia. Nililia kwa sababu nilikumbuka nikiwa na miaka saba, nina malaria, mama amenilaza juu ya gunia chini ya meza yake pale soko la Mbuyuni. Nilikuwa nikiangalia miguu ya wanunuzi ikija na kuondoka, ndala, raba, miguu mitupu, na kila baada ya muda mkono wa mama unashuka na kunigusa shingo. Siku asiyouza, usiku hatuli. Mama hakunipenda pungufu ninavyompenda mwanangu. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kunipa, mwingine ulikuwa unahesabu chenji.

Sasa, watu wengi wakiandika kuhusu furaha ya Denmark huandika mishumaa, blanketi, soksi za sufu na kahawa, ule utulivu wa ndani ya nyumba wanaouita hygge. Mimi pia naupenda. Lakini mshumaa wa bibi yangu una habari nyingine. Wajerumani waliikalia nchi hii kuanzia Aprili 1940, na usiku madirisha yalilazimika kufunikwa kwa pazia jeusi. Jioni ya tarehe 4 Mei 1945 redio ya London ilipotangaza kwamba Wajerumani waliopo Denmark wamesalimu amri, watu walichana mapazia na kuweka mishumaa madirishani. Bibi alikuwa na miaka minane. Anasema mama yake alilivuta pazia mpaka fimbo yake ikang'oka ukutani, na hakuna aliyeirudisha kwa wiki nzima. Mpaka leo, kila tarehe 4 Mei jioni, huniomba nimwekee mishumaa dirishani kabla sijaondoka.

Hayo ninayoyasifu hayakutokana na tabia ya kuzaliwa nayo. Yalijengwa, na kwa kugombana. Mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding, magharibi mwa Jutland, rasi kubwa ya Denmark, walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Utaratibu uliotawala katika ushirika wa namna hiyo ulikuwa kura kwa kichwa cha mtu na si kwa kichwa cha ng'ombe: mwenye ng'ombe 40 na mwenye wawili, kila mmoja kura moja. Niliposikia hayo darasani nilimkumbuka babu, aliyekuwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa chini ya KNCU, ushirika wetu wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Babu angekaa na wale wakulima wa Jutland na mazungumzo yasingekwama, ukiondoa lugha.

Mwaka 1899, baada ya miezi ya wafanyakazi kufungiwa nje ya viwanda, vyama vyao na waajiri walisaini mapatano ambayo misingi yake bado inaongoza kazi hapa. Hata leo Denmark haina sheria ya kima cha chini cha mshahara; viwango hupatikana mezani, na wafanyakazi wengi ni wanachama wa vyama. Nilipojifunza kazi hii ya kuhudumia wazee nililipwa mshahara wa mwanafunzi muda wote wa mafunzo. Wiki ya kazi ni saa 37. Likizo ni wiki tano.

Na yote haya yanalipiwa. Zaidi ya theluthi ya mshahara wangu huondoka kabla sijauona, na karibu kila ninachonunua, hata unga na maziwa ya mtoto, kina kodi ya asilimia 25. Mara ya kwanza kuona hati yangu ya mshahara nilidhani wamekosea. Siku hizi nikikatwa naona kitufe mkononi mwa bibi. Naona pia daktari ambaye sijawahi kumlipa shilingi mlangoni. Watu hapa hulalamikia kodi kama kwingine kote, na serikali ikiwagusa huinuka. Ilipoamua kufuta sikukuu ya Store Bededag, siku ya maombi iliyodumu tangu karne ya 17, ili kupata fedha za ulinzi, makumi ya maelfu walijaa mbele ya bunge Februari 2023. Sikukuu ilifutwa hata hivyo, kuanzia 2024.

Nisiwafiche upande mwingine. Nilikaa majira matatu ya baridi kwenye jengo langu la kwanza kabla jirani hajaniambia neno zaidi ya hujambo. Kahawa na rafiki huwekwa kwenye kalenda wiki tatu kabla. Nimewahi kumkuta mzee kwenye siku yake ya kuzaliwa amepanga vikombe sita na bendera ndogo mezani, na hadi zamu yangu inakwisha hakuna kikombe kilichotumika isipokuwa chake na changu. Mwaka 1980 nchi hii hii ilikuwa miongoni mwa zenye viwango vikubwa zaidi vya watu kujiua duniani. Vimeshuka sana tangu wakati huo, lakini anayedhani hapa hakuna huzuni aje anisindikize zamu moja.

Lipo pia la uaminifu. Karibu watu watatu kati ya wanne hapa husema watu wengi wanaaminika, na si maneno matupu. Mwezi Juni ukitoka nje ya mji utakuta meza kando ya barabara, vikapu vya stroberi, kopo la fedha, na muuzaji hayupo. Lakini uaminifu huo una mpaka, na mpaka wake naujua kwa sababu naishi karibu na Gellerup, mtaa wa hapa Aarhus. Kwa sheria za mwaka 2018, mtaa wa nyumba za bei nafuu wenye wakazi wengi wenye asili ya nje ya nchi za Magharibi, ukikutwa pia na vigezo vingine kama watu kukosa kazi, huwekwa kwenye orodha maalumu, na ukibaki humo miaka kadhaa mfululizo nyumba zake hizo hupunguzwa. Nimeona majengo ya Gellerup yakibomolewa ghorofa moja baada ya nyingine. Mama mmoja Msomali niliyesoma naye alihamishwa kutoka kwenye nyumba aliyolelea watoto watano. Tryghed ile ile aliyoahidiwa kila mtu, yeye alinyang'anywa kwa barua. Jambo hili linaniuma, na siwezi kuisifu ngazi ya Wadenmark nikalinyamazia.

Mmeuliza tuige nini. Tusiige mishumaa. Kabla ya daktari huyu wa bure, Wadenmark walikuwa na mifuko ya wagonjwa: mafundi, wakulima na watumishi wa mji mmoja wakichangishana senti ili mwenzao akiugua asilale njaa. Mwaka 1892 serikali ilitunga sheria ya kuitambua mifuko hiyo na kuiongezea fedha. Ilidumu hadi 1973, ndipo kodi ikaibeba kazi yote. Hiyo ni miaka 81, na katikati yake vita viwili vya dunia. Sisi tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami naiombea. Lakini ile mifuko tunayo tayari, tena mingi, na sijasikia mtu akiuliza serikali ingewezaje kuweka shilingi juu ya kila shilingi ya wanawake wa sokoni.

Mama yuko kwenye kikoba pale Mbuyuni, wanawake 27. Kila Alhamisi wananunua hisa, na pembeni kila mmoja anatoa 1,000 ya mfuko wa jamii. Mdogo wangu alipolazwa, fedha za vipimo zilitoka huko. Mama aliniambia hilo baadaye, kwenye simu nyingine, kana kwamba ni jambo dogo. Sanduku lao ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu, na wanaoshika funguo ni watu watatu tofauti. Mwaka huu mmoja wao ni mama.