Maswali na Majibu: Kutembelea Hamamu ya Warumi, Bath

*Tunakwenda Bath, Uingereza, kwenye ile hamamu ya kale. Tubebe nguo za kuogelea?*

Hapana, na hata mkono usitie. Maji yale hayatiwi dawa. Mwaka 1978 msichana mmoja aliogelea mjini humo katika maji ya chemchemi hiyohiyo, akafariki kwa amiba inayoshambulia ubongo. Anayetaka kuoga aende Thermae Bath Spa, jirani tu, iliyofunguliwa mwaka 2006.

*Mbona maji ni ya kijani?*

Enzi za Warumi bwawa lilikuwa na paa. Leo liko wazi, jua linapiga, mwani unaota.

*Tuna saa moja tu. Tutazame nini?*

Wengi hupiga picha bwawani wakaondoka. Nawasihi msifanye hivyo, nendeni kwenye vibati vya madini ya risasi. Ni vipande vyembamba, vingine vidogo kama kiganja, vimechorwa maandishi kwa ncha kali, vikakunjwa na kutupwa chemchemini kwa mungu wa kike Sulis Minerva. Vimepatikana takriban 130, na vingi ni maapizo dhidi ya wezi. Mtu mmoja, Docilianus, aliibiwa joho lake lenye kofia. Akamwomba Sulis amuue mwizi, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, wala asimpe usingizi wala watoto mpaka alirudishe hekaluni. Aliyewahi kusikia mtu wa Pwani akiapa kumsomea mwizi albadiri ataielewa hasira hiyo mara moja. Makaburi na sanamu hutuonyesha wakubwa, lakini hapa anasema mtu wa kawaida aliyeibiwa nguo, na ndiyo maana navipenda kuliko hata kile kichwa cha shaba cha Minerva kilichopakwa dhahabu.

*Yote tunayoyaona ni ya Warumi kweli?*

La. Sanamu za juu ukumbini na sehemu kubwa ya nguzo ni za karne ya 19. Cha Warumi ni cha chini: bwawa lenyewe, na mabamba ya risasi waliyotandika sakafuni mwake, yangali yanazuia maji. Chemchemi nayo hutoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, zenye joto la nyuzi 46 hivi.

*Mama hawezi ngazi. Ataweza kuingia?*

Ataweza, lifti zipo. Mshikeni mkono tu pembeni mwa bwawa, mawe yamelika na hayako sawa.