Quiet Riot ilipasukia wapi: ushauri kwa bendi inayoanza

Ikitajwa bendi iliyopanda upesi ikashuka upesi, watu husema "ngoma ivumayo haidumu", na mazungumzo yanaishia hapo. Methali hiyo haimsaidii kijana mwenye gitaa anayetaka kujua ngozi ilichanika upande gani, na kwa nini. Quiet Riot ya Los Angeles inafaa kufundishia kwa sababu karibu kila hatua yake inaonekana. Novemba 1983 albamu yao Metal Health ilishika namba 1 kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ikaishusha Synchronicity ya The Police. Wengi huihesabu kuwa albamu ya kwanza ya metali, yaani roki nzito, kufika hapo. Ilikaa wiki moja tu. Mwaka 1987 mwimbaji wake alikuwa ameshafukuzwa na wenzake.

Kabla ya yote, lifuteni jibu la uongo. Mtawasikia watu wakisema bendi za glamu metali, wale wa nywele zilizotimuliwa, suruali za kubana na wanja machoni, waliuawa na Nirvana. Nevermind, albamu ya bendi hiyo ya Nirvana, ilitoka Septemba 1991. Quiet Riot ilianza kuporomoka 1984, soko la muziki huohuo likiwa linapanda. Bon Jovi walitoa Slippery When Wet mwaka 1986 na ikauza mamilioni, na mwaka huohuo Poison na Cinderella walitoa albamu zao za kwanza. Duka lilikuwa limejaa wateja, na Quiet Riot wakaachwa mlangoni na wenzao. Sababu tutafuteni ndani ya bendi.

Miaka ya benchi

Bendi ilianza 1975, Kevin DuBrow akiimba na Randy Rhoads akipiga gitaa. Walijaza kumbi za Hollywood, Starwood hasa, kipindi kilekile Van Halen walipokuwa wakizunguka mitaa hiyohiyo. Van Halen wakapata mkataba na Warner, moja ya lebo, yaani kampuni za kurekodi na kuuza muziki. Quiet Riot hawakupata lebo Marekani, na albamu zao mbili za kwanza zilitoka Japani tu. Mwaka 1979 Rhoads akahamia kwa mwimbaji Ozzy Osbourne, bendi ikavunjika.

Jambo la kushika hapa ni dogo lakini ni la fedha: wimbo ambao soko halijausikia haujazeeka. "Slick Black Cadillac" ulikuwa kwenye albamu ya pili ya Japani. Waliurekodi upya, ukaingia Metal Health, na kwa Mmarekani wa kawaida ulikuwa mpya kabisa. Kwa hiyo wekeni daftari la nyimbo. Kila wimbo uwe na ukurasa wake: ufunguo, kasi kwa mapigo ya dakika, maneno kamili, tarehe, na nani alitunga nini kwa asilimia. Msiandike "tumetunga wote" kama hamkutunga wote. Uongo huo wa heshima ndio unaoleta ugomvi pesa zikifika.

Wimbo wasioutaka

Spencer Proffer, mwenye studio na lebo ya Pasha iliyosambazwa na CBS, alitaka wapige kopi ya "Cum On Feel the Noize", wimbo wa bendi ya Slade ya Uingereza uliokuwa namba 1 kwao mwaka 1973 lakini Marekani haukufika popote. Bendi haikutaka. Mpiga dramu Frankie Banali alisimulia baadaye kwamba walipanga kuupiga vibaya makusudi ili prodyuza aachane nao. Dramu zilipoanza, zikaja vizuri kuliko mpango, na mashine ilikuwa inarekodi. Singo hiyo ilifika namba 5 kwenye chati ya nyimbo 100.

Fundi wa studio ana mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, washa kurekodi kabla mpiga dramu hajajua kwamba umewasha. Ukirekodi kwa kompyuta, pima sauti mapema, kilele kiangukie kati ya -12 na -6 dB ili pigo la ghafla lisipasuke, kisha acha mashine itembee tangu watu wanapopasha mikono. Jaribio la kwanza la kurekodi lina ulegevu ambao la tisa halina, kwa sababu kufikia la tisa kila mtu anaogopa kukosea.

La pili ni mpangilio. Sikilizeni jinsi toleo lao linavyofunguka: dramu, halafu kiitikio moja kwa moja juu ya dramu, ubeti baadaye. Msikilizaji wa redio anapewa kitu cha kuimba kabla hajafikiria kubadili stesheni. Ukipiga kopi, usibadilishe kila kitu kwa kujionyesha. Tafuta sehemu moja ambayo mwenye wimbo aliificha nyuma, uilete mbele.

Kopi inalipa nani

Hapa ndipo pa kukaa, maana vijana wengi huparuka.

Rekodi moja ina haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya sauti iliyorekodiwa. Sheria ya Marekani inamruhusu yeyote kurekodi wimbo ambao umeshatolewa bila kumbembeleza mtunzi, mradi alipe kiwango kilichowekwa na asibadilishe kiini cha melodia. Mwaka 1983 kiwango hicho kilikuwa senti 4.25 kwa wimbo mmoja, kwa kila nakala iliyouzwa, kwa wimbo usiozidi dakika 5. Kwa kiwango hicho, kila nakala milioni moja za albamu zinawapa watunzi wa wimbo mmoja dola 42,500, wakigawana na mchapishaji wao, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zao. Watunzi hapa ni Noddy Holder na Jim Lea wa Slade. Metal Health imethibitishwa kuuza nakala milioni 6 Marekani.

Kisha redio. Stesheni za kawaida za redio Marekani humlipa mtunzi, hazimlipi aliyeimba. Kila wimbo ule uliporuka hewani toka New York hadi California, mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo unapotumika, ulivuka bahari kwenda kwa Slade. Quiet Riot walipata jina, na jina likawauzia albamu na tiketi. Hiyo si hasara, ila ni biashara tofauti na ile wanayoifikiria wengi. Slade wenyewe walifaidi hata zaidi ya mrabaha: mwaka uliofuata "Run Runaway" yao ikaingia 20 bora za Marekani, soko lililokuwa limewapuuza miaka kumi.

Sasa linganisheni na fungu la mwimbaji. Tuchukue mfano wa mkataba wa kawaida wa bendi changa enzi zile (ni hesabu ya kujifunzia, si mkataba wao). Bei ya santuri dola 8.98. Lebo inakata asilimia 20 ya ufungashaji, zinabaki dola 7.18. Bendi ina asilimia 12, lakini 3 ni za prodyuza, kwa hiyo 9. Hizo ni senti 65 kwa nakala. Mko wanne, kila mmoja senti 16. Meneja anachukua asilimia 15 hadi 20 ya hizo. Na hamwoni hata senti moja mpaka gharama za studio, malipo ya awali na sehemu ya gharama za video zirudi lebo. Mrabaha wa utunzi kwa kawaida haukatwi gharama hizo. Mtunzi huanza kulipwa nakala ya kwanza inapouzwa, wakati mpiga besi asiyetunga bado analipa deni la video aliyovalia suruali ya kuazima.

Metal Health ilikuwa na nyimbo 10, kopi moja tu. Uwiano huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba ile moja ndiyo iliyobeba nyumba nzima.

Kutoka Machi hadi Novemba

Albamu ilitoka Machi 1983. Mei 29 walifungua siku ya metali kwenye tamasha la US Festival, San Bernardino, mbele ya mamia ya maelfu, wakifuatwa na Mötley Crüe, Ozzy, Judas Priest, Triumph, Scorpions na Van Halen. Kupangwa wa kwanza mchana wa jua kali si fedheha: watu bado wana nguvu, na kamera bado zinafanya kazi. Singo ikatoka majira ya joto, MTV, kituo cha televisheni cha muziki, wakaizungusha video, nao wakawafungulia wakubwa jukwaani, Iron Maiden na Black Sabbath wakiwemo. Namba 1 ilikuja miezi minane baada ya albamu kutoka. Bendi nyingi huanza kulaumiana baada ya miezi mitatu. Wekeni fedha ya mafuta, chakula na nyuzi ya miezi tisa kabla hamjatoa chochote, au msitoe kwanza.

Albamu ya pili

Condition Critical ilitoka Julai 1984, miezi 16 tu baada ya ya kwanza, na sehemu kubwa ya muda huo walikuwa barabarani. Prodyuza yuleyule, mtindo uleule, na kopi nyingine ya Slade, "Mama Weer All Crazee Now". Albamu iliishia namba 15, singo namba 51. Kwa bendi nyingine namba 15 ni sherehe. Kwa iliyotoka namba 1, maduka hupunguza oda, na redio huanza kusubiri kuona.

Kosa lilifanyika kabla ya studio. Albamu ya kwanza ilibeba akiba ya miaka minane ya kumbi, ya pili ilibeba mabaki ya basi la ziara. Hesabu tunayowapa wanaoanza ni hii: kwa kila wimbo utakaoingia albamu ya pili, uwe na rasimu tatu. Albamu ya nyimbo 10 inadai rasimu 30, na angalau nusu ziwe zimeshapigwa mazoezini kabla ya kuondoka ziarani. Lebo ikikubana tarehe, omba singo moja ya katikati kuliko kukubali albamu ya haraka. Na kopi ikikubeba mara ya kwanza, ya pili isitoke kisima kilekile. Msikilizaji hakuambii kwamba amekuona, ananyamaza tu na pesa yake.

Mdomo uliponza kichwa

DuBrow alikuwa na sauti ya kupasua ukumbi, na ulimi wa aina hiyohiyo. Kwenye mahojiano alizishusha bendi nyingine za Los Angeles na kudai kwamba Quiet Riot ndiyo iliyozifungulia mlango. Dai lenyewe lilikuwa na ukweli mwingi, na ndiyo maana liliumiza. Tena aliwasema watu ambao miaka miwili baadaye ndio walikuwa wakichagua nani awafungulie jukwaa. Mwandishi aliyekasirika huandika mara moja, lakini meneja wa ziara aliyekasirika hukufuta kwenye orodha kwa misimu kadhaa.

Mpiga besi Rudy Sarzo akaondoka 1985, baadaye akaonekana na bendi ya Whitesnake, wakiwa kileleni. Mwanabendi anayeondoka bila kelele wakati bado kuna pesa ni taarifa. Isomeni.

Kinga yake ni ya kawaida kabisa. Mahojiano wafanye wawili, kamwe si mmoja, na yule wa pili awe na ruhusa ya kumkata mwenzake kauli. Ukiulizwa kuhusu bendi nyingine, taja wimbo wao mmoja unaoupenda, kisha nyamaza. Usihojiwe ndani ya saa moja baada ya shoo, wala baada ya chupa.

Jina ni mali

QR III ya 1986 iliongeza vinanda vya umeme ili kufuata upepo wa redio, ikaishia namba 31. Mapema 1987 wenzake wakamtoa DuBrow, wakamleta Paul Shortino kutoka Rough Cutt, na albamu ya 1988 yenye jina la bendi ikaishia namba 119. Muziki wenyewe haukuwa mbaya. Ila mnunuzi aliyesoma "Quiet Riot" kwenye jalada alitarajia ile sauti iliyomfanya anunue mwaka 1983, akakuta nyingine. Gitaa mnaweza kubadilisha watu wasijue. Koo hawatalisahau.

DuBrow alirudi miaka ya 1990 na bendi ikaendelea kwa kuvunjika na kurudiana mpaka alipofariki Las Vegas, Novemba 2007. Mwaka 2010 Banali aliifufua bendi baada ya kupata ridhaa ya familia ya DuBrow. Yeye naye akafariki Agosti 2020, na mwaka uliofuata Sarzo akarudi kwenye besi.

Kwa hiyo karatasi ya jina iwe na mambo haya: nani anamiliki jina na kwa hisa ngapi, anayeondoka kwa hiari anabaki na nini, anayefukuzwa anafukuzwa kwa kura ngapi (wanne kwa kura mbili mbili hamtatoka, wekeni wa tano asiyepiga chombo), ni nani lazima awe jukwaani ili jina litumike, na mwenzenu akifa hisa yake inakwenda kwa nani. Kifungu cha mwisho ndicho bendi changa huona aibu kukiandika. Kiandikeni siku moja na mgawo wa nyimbo, kabla ya singo ya kwanza, na kila mmoja aondoke na nakala yenye sahihi zote.